Nguzo moja baharini: jibu kwa nahodha wa Mikindani

"Shikamoo Kapteni. Mimi ni nahodha wa jahazi la mizigo hapa Mikindani. Napakia chumvi na saruji kupeleka Kilwa na Mafia. Tunasikia kwamba gesi ya bahari kuu ikianza kutolewa, mitambo itasimikwa baharini upande wa Lindi na njia zetu zitazibwa. Mwenzangu ananiambia niache hofu: bahari ni pana, nguzo utaikwepa kama unavyokwepa mwamba. Nani mkweli kati yetu? Na je, ipo sheria inayolinda njia ya chombo kidogo kama changu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mwenzako, maana hoja yake nimeisikia hata kwa watu wenye vyeti vikubwa kuliko changu. Ni kweli kwamba mchana kweupe, bahari shwari, chombo kinachoitika usukani kitaipita nguzo bila tabu. Hatari ya nguzo haiko kwa chombo cha namna hiyo. Iko kwa chombo ambacho hakiongozwi tena: injini imezimika, usukani umekatika, nanga inaburuta, au aliye zamu amesinzia. Hapo hakuna wa kukwepa. Upepo na mkondo ndivyo vinavyoshika usukani.

Na mwamba si sawa na nguzo. Mwamba tumeukuta. Babu zetu waliupa jina, wakaupima kwa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, wakapitisha njia pembeni yake, na kila mtoto wa pwani anaujua kabla hajapanda chombo. Nguzo ndiyo inayokuja kutukuta sisi njiani. Tena chombo kikipanda mwamba hasara ni ya chombo, lakini kikigonga mtambo wa gesi kinagonga mabomba yenye gesi ya shinikizo kubwa, na huenda juu yake kuna watu wamelala.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua meli iliyopoteza injini, inasukumwa kwa kasi ya noti 2, yaani maili 2 za bahari kwa saa. Si kasi ya ajabu kwa pwani yetu kusi ikivuma na mkondo ukipanda kuelekea kaskazini. Maili ya bahari ni mita 1,852. Kama mtambo uko mita 500 kutoka kwenye njia, meli hiyo itaufikia kwa dakika 8 hivi. Ukiwa maili moja, una nusu saa. Ukiwa maili 2, una saa nzima. Dakika 8 hazimtoshi fundi hata kuteremka chumba cha injini na kujua kilichoharibika. Saa nzima inaweza kumtosha kuiwasha tena, au ikatosha boti ya kuvuta kung'oa nanga na kufika.

Utaniuliza kwa nini meli isitie nanga tu. Penye maji mafupi, sawa. Lakini wewe unaijua bahari ya Mtwara: ukitoka kidogo tu nje ya miamba, kina kinashuka kama ukingo wa kisima. Ukanda wetu wa maji mafupi ni wa kilomita chache katika sehemu nyingi, na baada ya hapo mnyororo wote ukiisha nanga inaning'inia tu. Kwa hiyo hapa kwetu nafasi ya kuelea bila kugonga kitu ina thamani kuliko penye bahari ya maji mafupi.

Haya si mambo ya kubuni. Tarehe 27 Julai 2005, kilomita kama 160 magharibi ya Mumbai, India, meli ya huduma iitwayo Samudra Suraksha ilisogea kwenye jukwaa la Mumbai High North ili kumshusha mpishi aliyeumia mkono. Ulikuwa msimu wa monsuni na bahari imechafuka. Meli ikasukumwa, ikagonga mabomba ya gesi ya jukwaa. Moto ukalipuka, na kwa muda wa saa 2 hivi jukwaa zima likawa limekwisha. Watu 22 walipoteza maisha. Ile haikuwa meli ngeni iliyopotea njia, ilikuwa meli ya hapohapo, yenye kazi hapohapo, na bado ilishindwa kujizuia katika hatua chache za mwisho.

Na huko Uholanzi, tarehe 31 Januari 2022, meli ya mizigo Julietta D ilikuwa imetia nanga ikisubiri dhoruba ipite. Nanga ikaburuta, ikagongana na meli nyingine, maji yakaingia chumba cha injini, na mabaharia wote 18 wakaokolewa kwa helikopta. Meli tupu, bila mtu ndani, ikaelea mpaka ndani ya eneo linalojengwa mitambo ya umeme wa upepo na kugonga msingi mmojawapo. Fikiria lile eneo lingekuwa limejaa mafundi siku ile.

Sasa nikueleze jinsi wenzetu walivyolishughulikia jambo hili, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humo.

Mwaka 1947, katika Ghuba ya Meksiko, Wamarekani walichimba kisima cha mafuta mbali kiasi kwamba nchi kavu haikuonekana, ingawa maji yenyewe yalikuwa ya kina cha mita 6 hivi. Baada ya hapo nguzo zikaota kama mikoko. Ilipofika miaka ya 1950, manahodha wanaokwenda bandari za Texas na Louisiana walikuwa wanapita katikati ya msitu wa vyuma. Ndipo kikosi cha wahandisi wa jeshi la nchi hiyo kikachora njia kutoka bahari kuu hadi milango ya bandari, na kuweka sharti moja: ndani ya njia hii hakuna kisiwa cha kutengenezwa wala mtambo uliosimikwa, uwe wa kudumu au wa muda. Njia hizo kwa kawaida zina upana wa maili 2 za bahari. Baadaye kazi hiyo ikakabidhiwa Walinzi wa Pwani wa Marekani, na mpaka leo ndio wanaozisimamia.

Nilipita kwenye mojawapo nikiwa ofisa wa tatu, tukielekea Galveston, zamu ya usiku wa manane. Kushoto na kulia taa zilikuwa nyingi kama mji, miali ya gesi inayochomwa inawaka juu ya maji, na mbele yetu kiza kitupu. Nilikuwa kijana, na kile kiza kilinitia hofu. Kapteni wangu akaniambia kwamba kiza kile ndicho rafiki yetu, kuna watu waligombana ofisini miaka mingi ili kibaki kiza. Sijamsahau.

Angalia vizuri sharti lile linamfunga nani. Kuna mpango mwingine wa kutenganisha njia za meli, ambapo wanaokwenda hupita upande mmoja na wanaorudi upande mwingine. Huo unamfunga nahodha. Upo katika Kanuni ya 10 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, na lazima umesomeshwa. Lakini zile njia za Ghuba hazimlazimishi nahodha kuzitumia, na akitaka kupita kwingine anapita. Anayefungwa ni mjenzi. Ndiyo maana mimi nazipenda kuliko mipango yote mingine: mzigo wa kuepusha ajali umewekwa kwa yule anayeleta kitu kipya baharini, si kwa yule aliyekuwa akipita tangu zamani.

Lakini sheria ya njia hizo ina kasoro ambayo ni funzo kwetu. Sheria ya Marekani inasema njia mpya ikichorwa haitamnyang'anya mtu haki aliyokwisha kupewa kwa mkataba kabla ya uchunguzi wa njia hiyo kutangazwa. Maana yake, aliyetangulia amewahi. Kitalu, yaani kipande cha bahari anachopewa mchimbaji au mjenzi, kikishagawiwa, mwenye njia ndiye anayekwenda kuomba nafasi. Wamarekani wenyewe waliliona hilo upande wa Atlantiki, kwenye mitambo ya upepo: Januari 2024 Walinzi wa Pwani walitoa pendekezo la kuchora njia za aina hiyo kando ya pwani yao ya mashariki, wakati vitalu kadhaa tayari vilikuwa na wenyewe. Huwa nawaambia vijana wa chuo kwamba ramani ya njia ichorwe kwanza, ramani ya vitalu iwekwe juu yake. Ukigeuza mpangilio huo umeshashindwa.

Sheria ya kimataifa nayo ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unatuhusu moja kwa moja. Ibara ya 60 inaipa nchi haki ya kujenga mitambo katika ukanda wake wa kiuchumi, ule wa maili 200. Inaipa haki pia ya kuuzungushia kila mtambo eneo la usalama, lakini lisizidi mita 500 kutoka ukingoni. Halafu inaweka mpaka: mitambo wala maeneo hayo hayaruhusiwi mahali ambapo yatazuia njia zinazotambuliwa na ambazo ni za lazima kwa safari za kimataifa. Ujenzi lazima utangazwe, alama za kuonya lazima ziwepo, na mtambo ulioachwa lazima uondolewe kwa usalama wa vyombo.

Mita 500, mwanangu. Rudi kwenye hesabu yetu ya dakika 8. Eneo la usalama limewekwa ili watu wasiusogelee mtambo. Halikupimwa kwa meli iliyozimika. Anayekuambia kwamba mita 500 zimeshatosha kulinda njia amechanganya vitu viwili.

Na umesikia maneno yale: njia zinazotambuliwa, safari za kimataifa. Jahazi la Mikindani linalokwenda Kilwa halimo. Hapo ndipo ilipo haki ya hofu yako. Lakini kabla sijafika huko, niondoe hofu nyingine isiyo na msingi.

Gesi ya bahari kuu iliyogunduliwa mbele ya Lindi na Mtwara iko mbali na iko chini sana. Visima vingine vimechimbwa penye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000. Huko hakuna anayesimika nguzo, maana nguzo ya urefu huo haijengwi. Mpango unaozungumzwa miaka yote hii ni wa vichwa vya visima kukaa kwenye sakafu ya bahari, na gesi kuletwa kwa mabomba hadi kiwanda cha nchi kavu, Likong'o, Manispaa ya Lindi. Majina ya visima hivyo utayapenda: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, na vingine vimepewa majina ya viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi. Jahazi lako litapita juu ya Jodari pasipo kujua kwamba umempita. Wakati wa kuchimba, meli ya kuchimbia itakuwepo miezi kadhaa, ina taa, ina mlinzi wa redio, kisha inaondoka.

Kwa hiyo usiitazame bahari kuu. Tazama karibu. Shida, ikija, itakuja katika maili 12 za kwanza, na hasa katika zile 3 au 4 unazopita wewe. Kiwanda kinahitaji gati la kupakilia, na meli ya siku hizi ya kubeba gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika ina urefu wa karibu mita 290. Itahitaji nafasi ya kugeuka, mahali pa kutia nanga ikisubiri zamu, na kwa kawaida vyombo vingine huzuiwa kuisogelea. Yatakuja matishali, mashine za kuchimba mchanga, maboya ya ujenzi, mabomba yanayokuja ufukweni. Kila kimoja ni kidogo na kila kimoja kitaitwa cha muda. Ndiyo maana nimelisisitiza lile neno la Wamarekani: hata cha muda. Nimewahi kufanya kazi kwenye bandari moja, nchi siitaji, ambako nguzo nne za kufungia tishali ziliwekwa kwa miezi sita. Nilipoondoka baada ya miaka mitano zilikuwa palepale, taa zimekufa, na mashua mbili zilikuwa zimeshavunjika hapo.

Mfano wa kuishi na vitu hivi unao jirani. Songo Songo, wilaya ya Kilwa, gesi imekuwa ikitoka tangu 2004, na baadhi ya visima vyake viko majini, vimejengewa majukwaa madogo karibu na kisiwa. Kutoka kisiwani bomba linapita chini ya bahari mpaka Somanga. Bomba halizuii chombo kupita, linazuia nanga. Meli ikiangusha nanga ya tani kadhaa juu ya bomba la gesi, utakuwa msiba. Nanga yako ya jahazi ni ndogo, lakini zoea kuyaheshimu maeneo yaliyoandikwa usitie nanga, kwa sababu siku moja utakuwa na chombo kikubwa zaidi.

Sasa haki ya chombo kidogo. Siku hizi mtu akitaka kujua njia za meli zinapita wapi, anachukua kumbukumbu za AIS, kile chombo cha redio kinachotangaza namba ya utambulisho na mahali pa meli kila baada ya sekunde chache. Anapata picha nzuri ya mistari kwenye kompyuta, mistari minene inayoingia Mtwara msimu wa korosho, mingine inayoshuka mpaka Rasi ya Delgado. Anasema hizi ndizo njia. Lakini mkataba wa kimataifa wa usalama baharini unalazimisha AIS kwa meli za kuanzia tani 300 zinazokwenda nje ya nchi, na tani 500 kwa safari za ndani. Jahazi lako halimo. Ngalawa za Msangamkuu hazimo. Wavuvi wanaokwenda dago, kupiga kambi mbali na kwao, hawamo. Kwenye ile picha ninyi ni maji matupu, na pale penye maji matupu ndipo mjenzi atakapoweka kidole na kusema: hapa hapana mtu.

Hakuna ubaya wa makusudi katika hilo. Ni upofu tu, lakini unaumiza sawasawa.

Tena njia ya tanga si mstari. Kaskazi ikiwa usoni ukienda Kilwa unapiga bisha, unakwenda nje, unarudi ndani, na upana unaouhitaji ni mara nyingi ya ule wa boti ya mashine. Mtu asiyewahi kushika demani, kamba ya kuongozea tanga, hawezi kulijua hili mpaka aambiwe. Nguzo iliyowekwa nje kidogo ya rasi, kwa boti ya mashine ni kugeuza usukani kidogo, kwako wewe ni kupoteza bisho zima na kusukumiwa kwenye miamba usiku.

Mlango wa kusemea upo. Mradi wowote wa ukubwa huu lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na katika tathmini hiyo wanaoathirika huulizwa. Usalama wa vyombo uko kwa TASAC, Shirika la Wakala wa Meli; bandari na milango yake iko kwa TPA, mamlaka ya bandari; na mambo ya uchimbaji wa mafuta na gesi yako kwa PURA, mamlaka inayoudhibiti. Usiende peke yako na usiende na malalamiko ya mdomo. Nenda na BMU yako, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha ufukweni kwenu, mwende na njia zenu zimeandikwa. Simu yako ina GPS. Safari ijayo, andika mahali ulipo kila nusu saa. Fanya hivyo safari za kusi na safari za kaskazi, bamvua maji yakijaa na kupwa sana, na maji mafu yakijaa na kupwa kidogo, mchana na usiku, ukiwa na shehena na ukiwa mtupu. Waombe manahodha wengine kumi wafanye vivyo hivyo. Andikeni pia mnapojificha upepo ukizidi, kwa sababu maficho yakizibwa ni sawa na njia kuzibwa. Karatasi ya namna hiyo mtaalamu hawezi kuiweka kando, maana yeye hana na anaihitaji.

Mkiulizwa mnataka nini, msiseme hatutaki gesi, kama hilo silo mnalolitaka. Semeni mnataka ukanda wa ndani, kati ya miamba na maji makubwa, uandikwe kwenye ramani kuwa hausimikwi kitu, cha kudumu wala cha muda, na upana wake upimwe kwa jahazi linalopiga bisha. Semeni kila kitakachowekwa kiwe na tarehe ya kuondolewa na jina la atakayekiondoa. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa 1989 unataka mitambo iliyosimikwa baada ya 1 Januari 1998 iwe imebuniwa kwa namna inayowezekana kuondolewa yote, na pale kipande kinapoachwa chini, pabaki angalau mita 55 za maji yasiyo na kizuizi juu yake. Katika maji yetu ya ndani hakuna mita 55 za kuacha, kwa hiyo hapo maana yake ni kung'oa yote.

Na ukiwa baharini usiku ukaona taa nyeupe inayomweka mara mbili fupi na moja ndefu, ikarudia tena kabla ya sekunde 15 kupita, hiyo si mashua wala mnara. Ni alama ya mtambo uliosimikwa, ni herufi U katika alama za Morse, na katika lugha ya ishara za mabaharia U ina maana kwamba unaelekea kwenye hatari. Inapaswa kuonekana kwa maili 10. Pita upande wa chini ya upepo, ili tanga likichanika au kamba ikikatika usukumwe mbali nao, usisukumwe juu yake. Na taa hiyo ukiikuta imezimika, toa taarifa bandarini siku hiyohiyo, uandike saa na mahali.

Mimi nipo Shangani siku nyingi za wiki. Ukishapata safari nne au tano zilizoandikwa, njoo nazo. Ramani ninayo, tutazichora pamoja kwa penseli, tuanze na ile ya kaskazi.